Namna ya Kupanga Bei na Matoleo ya Gari la Umeme la Bei Nafuu kwa Wanunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeagiza magari kumi au ishirini ya umeme ili ayauze Mbeya, Iringa au Njombe hupokea kutoka kiwandani karatasi yenye matoleo matatu au manne ya gari lilelile, kila toleo na bei yake, na wazo la kwanza linalomjia ni kuchukua lile la chini kabisa ili tangazo lake libebe tarakimu ya kuvutia. Nashauri karatasi hiyo iwekwe kando kwa siku chache. Toleo linalomfaa mkazi wa mji tambarare wa pwani laweza kuwa mzigo kwa mkazi wa Uyole, kwa kuwa huku barabara hupanda na kushuka, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na safari ya kutafuta riziki mara nyingi haiishii mjini. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa magari, SACCOS na vikundi vya waagizaji ambao hawana mtaji wa kukosea mara mbili.

Anza na safari, kisha betri

Kaa na watu watano au sita ambao ungependa wawe wateja wako: dereva wa teksi anayepeleka abiria uwanja wa ndege wa Songwe, mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayefuata bidhaa Tunduma, mwalimu anayeishi Mbalizi na kufundisha mjini, muuguzi wa Tukuyu anayepanda Mbeya kila mwisho wa wiki. Waulize wanakwenda wapi, mara ngapi kwa wiki, wakiwa na watu wangapi na mizigo ya aina gani, na gari hulala wapi. Majibu yao yaandike kwa kilomita. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni takriban kilomita 105, Mbeya hadi Tukuyu takriban 70, Mbeya hadi Kyela takriban 130, na Makambako hadi Njombe takriban 60.

Kilomita hizo zigeuze kuwa kilowati-saa, yaani zile uniti tunazonunua kwa LUKU. Katika vipimo vya kiwandani gari dogo la umeme huonekana likitumia uniti 10 hivi kwa kilomita 100, lakini kwa kazi ya kupanga bei mimi hutumia uniti 15, kwa sababu abiria wanne, mizigo na mwendo wa barabara kuu vyote hula umeme. Masafa yaliyoandikwa kwenye tangazo nayo yasomwe kwa kujua yametoka wapi. Gari lilelile hupewa masafa marefu zaidi kwa kipimo cha CLTC cha China, hupungua kwa kipimo cha WLTP cha Ulaya, na hupungua tena kwa kipimo cha EPA cha Marekani.

Kisha kuna milima, ambayo hakuna kipimo chochote kati ya hivyo kinachoihesabu kama tunavyoikuta sisi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na waliomo, likipanda mita 1,000, linahitaji uniti 4.1 kwa ajili ya kuinuka tu, mbali na zile za kusonga mbele. Ukijumlisha upotevu wa kwenye mota na betri, hesabu karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda. Kyela iko kwenye mwinuko wa karibu mita 500 na Mbeya mjini karibu mita 1,700, kwa hiyo anayetoka Kyela anahitaji uniti 19.5 za umbali na nyingine kama 6 za kupanda, jumla uniti 25 na nusu. Wakati wa kushuka mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu iliyotumika, jambo ambalo ni neema kubwa kwa breki kwenye mteremko kama wa Kitonga, lakini hairudishi yote, na betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea kitu. Mweleze hivyo mteja anayeishi juu ya mteremko: asichaji hadi asilimia 100 kabla ya kuanza kushuka, vinginevyo atategemea breki za kawaida peke yake.

Mfano unaosaidia kuona jinsi betri inavyotenganisha matoleo ni BYD Seagull, gari lililoanza kuuzwa China Aprili 2023 kwa yuan 73,800, 78,800 na 89,800. Matoleo mawili ya kwanza yalikuwa na betri ya uniti 30.08, na la tatu betri ya uniti 38.88. Zipeleke hesabu hizo kwenye barabara zetu. Kwenda na kurudi Tunduma ni kilomita 210, yaani uniti 31.5. Betri ndogo haimrudishi mtu nyumbani bila kuchaji njiani, ilhali betri kubwa inamrudisha ikiwa na uniti saba mkononi. Kwenda na kurudi Tukuyu ni kilomita 140, yaani uniti 21, na hata ukiongeza uniti chache za kupanda, betri ndogo inatosha. Kwa hiyo uniti hizo 8.8 za tofauti ndizo zinazomtenga mteja wa Tunduma na mteja wa Tukuyu, na hapo ndipo toleo lako la kwanza linapopaswa kuachana na la pili. Huku kwetu matoleo yatenganishwe kwa betri kabla ya kutenganishwa kwa kitu kingine chochote, maana betri ndiyo inayoamua kama mtu atafika.

Kuhusu aina ya betri, kwa gari la bei nafuu chagua ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Haina nikeli wala kobalti, gharama ya kuitengeneza ni ndogo zaidi, huvumilia kuchajiwa mara nyingi, na haipati shida kubwa ikijazwa hadi juu. Udhaifu wake ni kwamba hupokea chaji polepole kukiwa na baridi kali, jambo ambalo mteja wa Makete au Njombe ataliona asubuhi za Julai. Hata hivyo hali ya hewa ya nyanda za juu kwa jumla ni rafiki wa betri kuliko joto la pwani, kwa kuwa joto la muda mrefu ndilo linalozeesha betri, na hili ni jambo la kweli ambalo muuzaji anaweza kumwambia mteja bila kutia chumvi.

Vitu ambavyo toleo la chini lisinyimwe

Watengenezaji wanapotafuta bei ya chini kabisa hupunguza vitu, na vitu wanavyochagua kupunguza hutofautiana sana. Wuling Hongguang Mini EV, lililotoka China mwaka 2020 kwa yuan 28,800, halikuwa na kiyoyozi katika toleo lake la chini, wala halikuwa na chaji ya haraka. Dacia Spring lilipoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2021, chaji ya haraka ilikuwa nyongeza ya kulipiwa. Citroën walipozindua ë-C3 mwaka 2023 kwa euro 23,300 walifuata njia nyingine: toleo la chini lilibaki na betri ileile ya uniti 44 na chaji ya haraka, likanyimwa skrini kubwa, na mahali pake pakawekwa kishikio cha simu, kwa kuwa karibu kila dereva tayari ana simu yenye ramani na muziki. Njia hii ya Citroën ndiyo ninayoiona inafaa Mbeya. Mtu anaweza kununua redio mwakani, lakini hawezi kwenda kwa fundi Mafiati akaongezewa tundu la chaji ya haraka.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, hakikisha toleo la chini lina chaji ya haraka, na tundu lake ni la aina moja katika magari yote unayoleta. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China huja na tundu la GB/T, ya soko la Ulaya huja na CCS2, na mengi yaliyotumika Japani huja na CHAdeMO. Ukichanganya aina hizi katika shehena moja, wateja wako hawataweza kusaidiana chaja, nawe utalazimika kuweka vifaa vya aina tatu pale ambapo kimoja kingetosha. Hakikisha pia kwamba usukani uko kulia na maandishi ya kwenye skrini yanasomeka, kwani gari la soko la China linaloletwa kwa mlango wa nyuma laweza kuja na maandishi ya Kichina pekee.

Mfumo wa kupoza betri nao usiondolewe ili kuokoa fedha. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, halikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa kimiminika, na wenye magari hayo katika sehemu za joto kali kama Arizona walilalamika mapema kwamba uwezo wa betri unashuka. Mtu anaweza kusema kwamba Njombe si Arizona, na ni kweli. Lakini gari linalouzwa leo Njombe baada ya miaka mitano litauzwa tena Kyela au Dar es Salaam, na bei ya kuuzia mara ya pili ni sehemu ya unafuu ambao mteja anautafuta.

Tairi la akiba ni jambo dogo linaloumiza sana. Magari mengi ya umeme huja na chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo badala ya tairi, na dawa hiyo haisaidii tairi lililochanwa na jiwe kwenye barabara ya vumbi. Agiza tairi la akiba kwa kila gari, jeki na spana yake, na gharama yake iingie kwenye bei ya toleo la chini. Fanya vivyo hivyo na kinga ya chuma chini ya gari, kwa kuwa betri imelala kwenye sakafu na ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote.

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukiweka kwenye kundi la anasa na mimi nakitetea, nacho ni kiti chenye kupasha joto. Kipasha joto cha hewa ndani ya gari chaweza kula kilowati mbili au zaidi, yaani uniti mbili kwa kila saa ya safari, ilhali kiti chenye joto hutumia wati chini ya 100. Kwa dereva anayeondoka Makambako saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, kiti hicho ni kilomita nyingi zilizookolewa. Kama kiwanda kinakitoa kwa bei ndogo katika toleo la chini, kichukue.

Kodi inavyopandisha bei ya urembo

Hapa ndipo waagizaji wengi wanapopoteza unafuu bila kujua. Kodi za kuingiza gari hutozwa juu ya thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini, na kodi moja hupanda juu ya mgongo wa nyingine. Tukichukua ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ndio wa kawaida kwa magari ya abiria katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru huo, kila shilingi 100 ya thamani humfikia muuzaji ikiwa imekuwa shilingi 147.50, kabla ya tozo ndogondogo na kabla ya faida. Viwango vya magari ya umeme vinaweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, ambayo huanza kutumika Julai 1, kwa hiyo hakikisha kiwango kwa TRA kabla ya kulipia kila shehena, wala usitumie hesabu ya mwaka uliopita.

Maana yake kwa matoleo ni hii: rimu za kung'aa, paa la kioo na taa za rangi ndani ya gari zikiongeza shilingi milioni moja kiwandani, mteja atazilipia karibu milioni moja na nusu. Rimu hizohizo, vitambaa vya viti, mazulia, keria ya juu na redio vinaweza kufungwa hapahapa na mafundi wetu, kwa kadiri ya mfuko wa kila mtu, na fedha ya kazi ikabaki Mbeya. Kampuni ya Slate ya Marekani iliyoonyesha pikapu yake ya umeme Aprili 2025 imejenga biashara yake yote juu ya wazo la namna hii: gari moja, rangi moja ya kijivu, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, hakuna redio, na mteja huongeza anachotaka baadaye. Sisemi tulete gari lisilo na redio, ila kanuni ya kununua kiwandani kile tu ambacho hakiwezi kuongezwa baadaye ni kanuni ya kuishika kwa mikono miwili.

Kujenga bei kutoka chini

Nitatumia tarakimu za mfano, nawe uweke zako. Tuseme toleo la betri ndogo linafika bandari ya Dar es Salaam kwa shilingi milioni 20 pamoja na bima na nauli. Ushuru wa asilimia 25 ni milioni 5, na VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 25 ni milioni 4.5, jumla milioni 29.5. Weka milioni 2 kwa ajili ya gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na loli la kubebea magari hadi Mbeya. Gari lenyewe lisiendeshwe kutoka Dar es Salaam, kwa sababu zile kilomita zaidi ya 800 pamoja na Kitonga zitakula siku kadhaa za kutafuta mahali pa kuchaji, na mteja atakuta kilomita kwenye gari aliloambiwa ni jipya. Umefikia milioni 31.5.

Sasa weka gharama ambayo wengi huisahau, yaani gharama ya fedha iliyolala. Ukiwa umekopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na ikapita miezi minne kutoka siku ya kulipa kiwanda hadi siku ya kuuza, hiyo ni asilimia 5, yaani shilingi 1,575,000, na jumla inakuwa 33,075,000. Tenga shilingi milioni moja kwa kila gari kama akiba ya waranti. Watengenezaji wengi hutoa waranti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, lakini waranti hiyo kwa kawaida hufuata soko ambalo gari lilitengenezewa, na gari lililopita kwa mtu wa kati laweza kufika kwako bila kinga yoyote. Kama huna barua ya mtengenezaji inayotaja Tanzania, akiba hiyo ndiyo waranti yenyewe, nayo isiguswe kwa matumizi mengine. Umefikia 34,075,000. Ukiuza kwa milioni 36, faida yako ni shilingi 1,925,000 kwa gari.

Toleo la betri kubwa lipangwe kwa kuanzia hapo. Kujua kama kiwanda kinakutendea haki, tumia kipimo hiki: kwa takwimu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masuala ya nishati, bei ya wastani ya pakiti ya betri duniani mwaka 2024 ilikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, kwa hiyo uniti 8.8 za ziada ni karibu dola 1,000. Kiwanda kikidai mara mbili ya hapo kwa tofauti ya betri peke yake, omba orodha ya vitu vingine vilivyoingizwa, na uombe viondolewe. Tuseme tofauti iliyopatikana ni shilingi milioni 2.5 ikifika bandarini. Ikishatozwa kodi inakuwa 3,687,500, na ukiongeza asilimia 5 ya riba inakuwa 3,871,875. Weka ngazi ya milioni 4, toleo hilo liuzwe milioni 40, na usitafute faida nono kwenye tofauti hiyo. Muuzaji anayepata faida kubwa kwenye betri kubwa hujikuta akiwasukumia betri kubwa watu wasiozihitaji, na mwalimu wa Mbalizi anayetembea kilomita 40 kwa siku atalipia milioni 4 za uniti ambazo hatazitumia.

Matoleo mawili yanatosha. Yape majina ya kazi yake, kwa mfano Toleo la Mji na Toleo la Safari, badala ya majina yanayomfanya mnunuzi wa lile la chini ajione amepungukiwa mbele ya jirani. Muuzaji mwenye matoleo manne na magari kumi na mawili ana magari matatu tu ya kila toleo, na kila mteja atakuta lile analolitaka limekwisha. Kwa shehena ya kwanza ya magari kumi na mawili ningeagiza manane ya Mji na manne ya Safari nikiwa Mbeya, kisha nirekebishe. Kwa muuzaji wa Tunduma au Makambako ningegeuza uwiano huo.

Tena, bei iliyo kwenye tangazo iwe ya gari lililopo yadini. Tesla walipoonyesha Model 3 mwaka 2016 walitaja bei ya dola 35,000, lakini magari ya kwanza yaliyotoka mwaka 2017 yalikuwa ya matoleo ya juu, na toleo la dola 35,000 lilifunguliwa kwa wanunuzi Februari 2019, kisha baada ya wiki chache likaondolewa kwenye orodha ya kuagiza kwa mtandao. Kampuni kubwa ya Marekani ilistahimili manung'uniko hayo. Yadi ya Kabwe haitayastahimili, kwa sababu habari za muuzaji aliyetangaza milioni 36 kisha akaonyesha la milioni 40 huzunguka mji mzima kabla ya jioni.

Mweleze mteja hesabu ya mafuta bila kuipamba

Mnunuzi atalinganisha gari lako na IST iliyotumika, na ni haki yake. Tuseme IST hiyo anaipata kwa milioni 16, inatumia lita 8 kwa kilomita 100 kwenye milima yetu, na petroli ni shilingi 3,000 kwa lita: hiyo ni shilingi 24,000. Gari la umeme likitumia uniti 15, na uniti 1.5 zikapotea wakati wa kuchaji, ni uniti 16.5. Kwa bei ya uniti ya karibu shilingi 356 anayolipa mteja wa matumizi ya kawaida wa TANESCO baada ya kodi, ni shilingi 5,874. Anaokoa shilingi 18,126 kwa kila kilomita 100.

Mtu anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi anaokoa shilingi 271,890 kwa mwezi, karibu milioni 3.3 kwa mwaka, na tofauti ya milioni 20 kati ya magari hayo mawili itamchukua zaidi ya miaka sita kuirudisha. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 4,000 kwa mwezi anaokoa shilingi 725,040 kwa mwezi, karibu milioni 8.7 kwa mwaka, na tofauti hiyohiyo inarudi katika miaka miwili na miezi michache. Hesabu hii inaonyesha wazi kwamba mteja wa kwanza wa gari lako ni mtu anayelitumia kazini kila siku, na si mtumishi anayeliendesha Jumapili kwenda kanisani. Ninajua inauma kumwambia mtu mwenye fedha mkononi kwamba kwake bado, lakini mteja aliyeambiwa ukweli ndiye anayemleta binamu yake dereva.

Kwa mteja huyo wa kazi, tengeneza kifurushi kimoja cha nyongeza ambacho msingi wake ni chaja ya ukutani. Kilomita 4,000 kwa mwezi ni kama 154 kwa siku ya kazi, ambazo hula uniti 23 za betri na 25 kwenye mita ya LUKU. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 2.3, na itahitaji saa kumi na moja kuzirudisha. Umeme ukikatika saa tatu usiku huo, kesho yake kazi imeharibika. Chaja ya kilowati 7 hufanya kazi hiyo kwa chini ya saa nne. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, nyaya za nyumba na waya wa ardhini vikaguliwe kwanza, na gharama yote iandikwe kwenye kifurushi ili mteja asishtukie bei mpya baada ya kulipa. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, aelezwe kwamba gari litamtoa humo siku chache baada ya kuanza kuchaji.

Malipo nayo ni sehemu ya bei. Mfanyakazi wa mshahara anaweza kukatwa kila mwezi, lakini mkulima wa kahawa wa Mbozi, wa viazi Njombe au wa mpunga Mbarali hupata fedha kwa msimu, na ratiba ya marejesho sawa ya kila mwezi itamwangusha hata kama kwa mwaka mzima uwezo anao. Kaa na SACCOS au benki mpange marejesho makubwa mawili baada ya mavuno na madogo katikati. Mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi, ambaye huchuma karibu mwaka mzima, anaweza kufuata ratiba ya mwezi.

Bei ikishatangazwa, ishikilie hadi shehena iishe. Januari 2023 Tesla walipunguza bei kwa hadi asilimia 20 katika baadhi ya masoko, na China wateja waliokuwa wamenunua siku chache kabla walikwenda kuandamana kwenye vyumba vya mauzo. Magari yakikwama yadini, ongeza kitu kabla ya kushusha tarakimu: toa chaja ya ukutani bure, au huduma ya mwaka wa kwanza, ili aliyenunua mwezi uliopita asione thamani ya gari lake imeshushwa na mtu yuleyule aliyemuuzia.

Kabla ya kuchapisha bei, chukua gari moja la kila toleo, pakia watu wanne na magunia mawili, ukaliendeshe. Nenda Tunduma na urudi, ukiandika asilimia ya betri Mbalizi, Mlowo, Vwawa na Tunduma, kisha siku nyingine panda kutoka Kyela ukiandika Tukuyu, Kiwira na Uyole. Kama Toleo la Safari halikurudi kutoka Tunduma likiwa na angalau asilimia 10, ngazi yako ya milioni 4 haijanunua kile ulichoahidi, nayo ipangwe upya na kiwanda kabla ya shehena nyingine. Likirudi, asilimia hizo zichapishe kwenye karatasi ya bei, chini ya tarakimu ya shilingi, pamoja na uzito uliobebwa na mwezi uliofanya safari hiyo.